Khalifa wa kioo na dhahabu: Maisha ya Al-Walid bin Abdul-Malik

Kila mwaka ninapofika kwenye somo la Dola ya Bani Umayya, darasa langu hugawanyika pande mbili. Anayewagawa wanafunzi wangu ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik bin Marwan. Upande mmoja humwona kuwa ndiye aliyewapa Waislamu misikiti ambayo ulimwengu mzima bado unaistaajabia. Upande wa pili huuliza swali moja tu: fedha zile zilikuwa za nani?

Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa upande wa pili, tena kwa sauti kubwa. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kufundisha, sina tena uhakika ule wa ujana. Ndiyo maana nimeona nimlete Khalifa huyu mbele ya msomaji, ili maisha yake yapimwe na kila mtu aone mwenyewe mizani inaelemea wapi.

Kwanza tahadhari. Katika Bani Umayya walikuwepo makhalifa wawili wenye jina hili. Yupo Al-Walid bin Yazid, aliyeuawa mwaka 126 Hijria (744 Miladia), ambaye wanahistoria wengi wamemwandika kwa ulevi na anasa. Huyo alikuwa mtoto wa ndugu yake huyu wetu. Tunayemzungumzia hapa ni Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, yaani 705 hadi 715 Miladia. Watu wengi huwachanganya, na aliye msibani kwa makosa ya mwenzake hapati haki yake.

Al-Walid alizaliwa Madina karibu na mwaka 50 Hijria. Mama yake alikuwa Wallada bint Al-Abbas wa kabila la Abs, na baba yake, Abdul-Malik, alikuwa wakati huo kijana anayehesabiwa miongoni mwa wanafunzi wa fiqhi wa mji wa Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo macho ya utotoni ya Al-Walid yaliuona msikiti wa Mtume ukiwa bado na sura karibu na ile aliyoiacha Sayyidna Uthman (r.a.), na pembeni yake vyumba vya Mama wa Waumini vikiwa bado vimesimama. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

Mwaka 683 Miladia watu wa Madina waliuasi utawala wa Yazid bin Muawiya na kuwatoa Bani Umayya mjini. Ukoo wa Marwan ukahamia Sham. Mambo yakageuka upesi kuliko ilivyotarajiwa: babu yake akawa Khalifa, na mwaka 65 Hijria baba yake akamrithi. Al-Walid akajikuta mtoto wa mfalme katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Warumi wa Constantinople kwa karne nyingi, nchi iliyojaa makanisa yenye makuba, marumaru na kuta zinazong'aa.

Wanahistoria wanasimulia kuwa elimu ya lugha haikumwingia. Alikosea irabu katika Kiarabu hata akiwa juu ya mimbari, na baba yake alisikitika kuwa mapenzi yao ya kumdekeza, na kutompeleka jangwani kwa Mabedui kujifunza Kiarabu safi, ndiyo yaliyomponza. Inasemwa alijifungia na walimu wa nahau kwa miezi sita, akatoka hali yake mbaya kuliko alivyoingia. Sisi walimu tunawajua wanafunzi wa namna hii. Ulimi wake haukuweza kusema alichotaka, lakini macho yake yaliona vizuri. Alichoshindwa kukisema kwa maneno, alikisema kwa majengo.

Somo la majengo alilipata nyumbani. Mwaka 72 Hijria baba yake alikamilisha Qubbat as-Sakhra, Kuba la Mwamba, mjini Baitul-Maqdis. Ndani yake kuta na matao yalivikwa nakshi ya vipande vidogo vya kioo, eneo la zaidi ya mita za mraba 1,000: mizabibu, mitende, vyombo vya mapambo, vito, na juu yake mstari mrefu wa maandishi ya Kiarabu yenye aya za Qur'ani. Hakuna sura ya mtu wala ya mnyama. Ni baba huyo huyo ambaye mwaka 77 Hijria aliondoa picha kwenye sarafu za dhahabu na kuweka maneno ya tauhidi. Kijana akajifunza kuwa jengo na sarafu vinaweza kuhutubia umma kuliko khatibu.

Hata kabla ya kuwa Khalifa, Al-Walid alikwishaanza kujenga. Katika jangwa la Jordan, mahali paitwapo Qasr Burqu, lipo jiwe lenye maandishi ya mwaka 81 Hijria linalomtaja yeye, Amir Al-Walid mwana wa Amirul-Muuminin, kuwa ndiye aliyejenga vyumba pale.

Baba yake alipofariki mwezi wa Shawwal mwaka 86, Al-Walid alirithi dola iliyotulia. Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya ushindi ambao haukuwahi kuonekana. Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka bahari kuingia Andalusia, na Musa bin Nusair akamfuata. Muhammad bin Al-Qasim aliingia Sind. Qutaiba bin Muslim aliziteka Bukhara na Samarkand. Mali ikamiminika Damascus kutoka mashariki na magharibi.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa giza. Nguzo ya utawala wake huko Iraq ilikuwa Al-Hajjaj bin Yusuf, na Al-Walid hakumwondoa. Mwaka 95 Hijria Al-Hajjaj alimuua Said bin Jubair, mwanachuoni mkubwa miongoni mwa Matabiina, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.). Umar bin Abdul-Aziz, aliyekuwa gavana wa Madina, aliwapokea watu waliokimbia dhulma ya Iraq. Al-Hajjaj akalalamika, na mwaka 93 aliyeondolewa kazini ni Umar, si Al-Hajjaj. Anayeisifu Damascus asiusahau ukurasa huu.

Sasa turudi Madina. Mwezi wa Rabiul-Awwal mwaka 88 barua ya Al-Walid ilimfikia Umar bin Abdul-Aziz, ambaye alikuwa binamu yake na pia shemeji yake, kwani alimwoa Fatima bint Abdul-Malik. Amri ilikuwa wazi: anunue nyumba zilizouzunguka msikiti wa Mtume, avibomoe vyumba vya Mama wa Waumini na kuviingiza msikitini, mpaka eneo lifikie dhiraa 200 kwa 200. Umar aliwaita wanazuoni wa mji, nao hawakulipenda jambo hilo. Vyumba vile vilikuwa vya matofali ya udongo na makuti, vifupi kiasi kwamba Al-Hasan Al-Basri alisimulia kuwa alipokuwa kijana aliweza kuigusa dari kwa mkono. Wanazuoni waliona viachwe, ili vizazi vijavyo vione Mtume (s.a.w.) aliridhika na kiasi gani cha dunia. Khalifa alishikilia amri yake. Siku ya kubomoa, Madina ililia kama ilivyolia siku aliyofariki Mtume.

Msikiti mpya ulipanda kwa mawe na marumaru, minara pembeni, mihrabu iliyoingia ukutani, na kuta zenye nakshi ya kioo. At-Tabari amepokea kuwa Al-Walid alimwandikia mfalme wa Rum kumwarifu, naye akaleta mithqali 100,000 za dhahabu, mafundi 100 na mizigo 40 ya vipande vya nakshi, vingine vikiwa vimetafutwa katika miji iliyobomoka. Wapo watafiti wa leo wanaoitilia shaka habari hii. Inasimuliwa pia kuwa fundi aliyeutengeneza mti mkubwa kwa vipande vile na kuupatia vizuri, Umar alimwongezea zawadi ya dirham 30. Mmoja wa mafundi hao amepokewa akieleza kuwa walichokuwa wakikichora ni miti na makasri ya Peponi kwa kadiri walivyoyapata katika habari.

Mwaka 91 Al-Walid alikwenda Hijja na kupita Madina kuiona kazi yake. Msikiti uliondolewa watu ili Khalifa azunguke kwa nafasi. Mtu mmoja tu hakuondoka: mzee Said bin Al-Musayyib, aliyebaki ameketi mahali pake. Umar, kwa kumhofia mzee yule, alijaribu kumpitisha Khalifa upande mwingine. Al-Walid alimwona, akamwendea na kumsalimia. Mzee alirudisha salamu bila kusimama. Khalifa hakumfanya kitu, akaondoka akikiri kuwa watu wa aina ile wanakaribia kwisha. Inasimuliwa pia kuwa alimwuliza Aban, mtoto wa Sayyidna Uthman, alinganishe ujenzi huu na ule wa baba yake. Aban alimjibu kuwa wao waliujenga kama misikiti inavyojengwa, na yeye ameujenga kama makanisa. Jibu hilo limeishi muda mrefu kuliko marumaru yenyewe, kwa sababu nakshi zile za Madina leo hazipo.

Hapa inafaa msomaji ajue nakshi yenyewe inafanywaje, maana Waarabu waliiita fusaifisa na wengi wetu tunadhani ni vigae. Si vigae. Kioo huyeyushwa kwa kuchanganya mchanga na magadi, na magadi bora ya zama hizo yalitoka Wadi Natrun huko Misri. Ndani ya tanuri huongezwa madini ili kupata rangi: shaba hutoa kijani na samawati, kobalti hutoa buluu nzito, manganizi hutoa zambarau. Bamba la kioo likipoa hukatwa vipande vidogo vya kama sentimita moja. Kipande cha dhahabu kina kazi zaidi: dhahabu hufuliwa hadi iwe nyembamba kuliko karatasi, hulazwa juu ya kioo, kisha hufunikwa na tabaka jingine la kioo jembamba ili mkono wala mvua visiifikie. Ukuta hupigwa lipu tabaka kwa tabaka, na ile ya mwisho ikiwa bado mbichi fundi hupachika kipande kimoja kimoja. Fundi hodari havipangi bapa. Katika Kuba la Mwamba vipande vya dhahabu viliinamishwa kidogo kuelekea chini, ili mwanga uanguke kwenye macho ya aliyesimama. Hesabu mwenyewe vipande vingapi vinaingia katika mita moja ya mraba, kisha uendelee kusoma.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa Damascus. Katikati ya mji palikuwa na kiwanja kitakatifu cha kale, kwanza hekalu la mungu Hadad, kisha la Jupita wa Warumi, kisha Kanisa la Yohana Mbatizaji, yaani Nabii Yahya (a.s.). Baada ya ufunguzi wa mji mwaka 14 Hijria, Waislamu walisali sehemu moja ya kiwanja na Wakristo wakabaki na kanisa lao. Hali hiyo ilidumu kama miaka 70. Al-Baladhuri ameandika kuwa Muawiya na Abdul-Malik wote waliwaomba Wakristo eneo lile, na walipokataa wakawaacha. Al-Walid aliwaahidi mali nyingi. Walipokataa, alilichukua. Wakamwonya kuwa atakayelibomoa kanisa atapata wazimu, naye akashika shoka kwa mkono wake na kuanza.

Hili nalo hatulifichi. Umar bin Abdul-Aziz aliposhika ukhalifa, Wakristo walimpelekea malalamiko, na alikuwa tayari kuwarudishia haki yao. Waislamu wa Damascus walifadhaika, ikapatikana suluhu: Wakristo wakapewa makanisa ya Ghuta yaliyokuwa yametwaliwa kwa vita, nao wakaridhika. Kosa la mmoja lilisawazishwa na uadilifu wa mwingine.

Ujenzi ulichukua takriban miaka kumi. Uwanja wote una urefu wa mita 157 na upana wa mita 100. Sehemu ya chini ya kuta ilivikwa marumaru, na juu yake nakshi ya kioo ambayo watafiti wanaikadiria kuwa ilifunika mita za mraba zipatazo 4,000. Mafundi na vifaa vilitoka kila upande. Huko Misri, katika kijiji cha kale cha Aphrodito, zimepatikana barua za mafunjo za ofisi ya gavana Qurra bin Sharik, zinazoamuru kijiji kitoe mafundi na mahitaji yao kwa ajili ya msikiti wa Damascus, msikiti wa Baitul-Maqdis na jumba la Amirul-Muuminin. Na uchunguzi wa kikemia uliofanywa na watafiti katika miaka ya karibuni umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya kioo cha Damascus kilitengenezwa Misri. Kwa hiyo sifa tuliyozoea kumpa mfalme wa Rum, sehemu yake kubwa ni ya wafanyakazi wa Kikopti wa mto Nile ambao hakuna aliyeyaandika majina yao katika tarehe.

Ukitazama upande wa magharibi wa uwanja, utaona mto unapita chini ya ukuta, juu yake miti mikubwa, na katikati ya miti nyumba, makasri na madaraja, vyote juu ya dhahabu. Hakuna mtu ndani ya mji ule. Hakuna hata ndege. Wengine wanasema ni mto Barada wa Damascus, wengine wanasema ni miji iliyoingia katika utawala wa Kiislamu, na wengine wanasema ni Pepo iliyoahidiwa, ambayo chini yake hupita mito. Mimi nikikumbuka maneno ya yule fundi wa Madina, nauelekea mtazamo wa mwisho. Nyumba ziko tupu kwa sababu wenyewe bado hawajafika.

Al-Walid hakupamba misikiti peke yake. Kwenye ufukwe wa Ziwa la Tabaria, mahali paitwapo Khirbat al-Minya, alijenga jumba la mraba lenye ukuta mnene na minara ya pembeni, kama mita 66 kwa 73. Wachimbaji walipolifukua katika miaka ya 1930, baadhi walidhani wamepata ngome ya Warumi, mpaka ulipotokea msikiti mdogo wenye mihrabu ukielekea kibla, na jiwe lenye jina la Al-Walid. Humo yamo mabaki ya ukumbi mkubwa, sakafu za mawe ya rangi, marumaru za kuta, na vipande vya kioo, vingine vya dhahabu, vilivyodondoka kutoka juu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kipande cha kioo kilichokuwa msikitini na kile kilichokuwa jumbani kilitoka katika tanuri za namna moja na mikononi mwa mafundi wa aina moja. Tofauti ni nani anayekitazama. Msikitini alikitazama mchukuzi wa soko, mjane na msafiri. Jumbani alikitazama Khalifa na wageni wake. Na kadiri miaka ilivyokwenda, jumba lilizidi uhuru. Katika jumba la Khirbat al-Mafjar karibu na Yeriko, lililojengwa zama za ndugu yake Hisham, lipo sakafuni zulia la mawe ya rangi lenye simba anayemrarua paa. Mahali pa ibada ukoo huu haukuthubutu kuweka picha ya kiumbe, lakini kwenye majumba yake ulithubutu.

Watu hawakunyamaza. Damascus yenyewe ilinung'unika kuwa Khalifa anaimaliza Baitul-Maal kwa kupamba kuta. Masimulizi ya gharama ni mengi, na mashuhuri zaidi linasema masanduku 400 yenye dinari 14,000 kila moja, hesabu ambayo msomaji aichukue kama simulizi. Inapokewa kuwa Al-Walid aliwakusanya watu, akaamuru mali ya hazina imwagwe mbele yao na kupimwa kwa mizani, wakaona iliyobaki inatosha matumizi ya miaka kadhaa, wakatoa takbiri. Ni viongozi wangapi tunaowajua, wa serikali au wa taasisi, ambao wakishutumiwa hufungua hazina mbele ya wanaowashutumu?

Tena yapo mengine ambayo mapambo yameyafunika. Al-Walid aliwapangia posho wenye ukoma na kuwazuia wasiwe ombaomba. Kila kiwete alipewa mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Mwaka ule ule wa 88 alioamuru Madina ibomolewe, aliamuru pia visima vichimbwe na njia za milimani zisawazishwe Hijazi ili mahujaji wapite salama. Kwa hiyo anayesema kuwa alijenga kuta na kuwasahau watu, hajasoma habari zake zote.

Alifariki mwezi wa Jumadal-Akhira mwaka 96, Februari 715, katika jumba la Dair Murran nje ya Damascus, umri wake ukiwa bado wa makamo. Alitaka mwanawe arithi badala ya ndugu yake Sulaiman, lakini hakuwahi. Jumba lake la ziwani halikukamilika. Mwaka 749 tetemeko kubwa la ardhi lililiharibu, na mwaka uliofuata dola ya ukoo wake Sham ilianguka.

Mwaka 99 ukhalifa ulimfikia Umar bin Abdul-Aziz, mtu yule yule aliyesimamia ujenzi wa Madina. Alipouangalia msikiti wa Damascus aliona mali ya Waislamu imeganda ukutani. Akaazimia kuzing'oa nakshi, marumaru na minyororo ya dhahabu ya taa, aweke kamba badala yake, na thamani irudi Baitul-Maal. Ndipo ulipofika ujumbe kutoka Rum. Wakaingia msikitini, na mkubwa wao alipoinua macho rangi ilimbadilika. Alipoulizwa alieleza kuwa wao huko kwao walijidanganya kuwa Waarabu ni watu wa kupita tu, na sasa ameona kuwa wamekuja kukaa. Umar alipofikishiwa habari hiyo aliacha azma yake.

Zaidi ya miaka 250 baadaye, swali la darasa langu liliulizwa tena na Al-Maqdisi, mwanajiografia mkubwa aliyetoka katika familia ya waashi wa Baitul-Maqdis. Alimwambia ami yake kuwa Al-Walid hakufanya vizuri, kwani mali ile ingetumika katika barabara, mabwawa ya maji na ngome ingekuwa bora. Ami yake alimrekebisha: Sham ilikuwa nchi ya makanisa mazuri yaliyowavutia watu, na Al-Walid aliwajengea Waislamu msikiti wa kuyatosheleza macho yao, kama Abdul-Malik alivyofanya alipoona ukubwa wa kuba la kanisa la Qiyama. Al-Maqdisi aliinukuu hoja hiyo katika kitabu chake bila kuibeza, jambo linaloonyesha adabu ya elimu.

Kuta zenyewe zimepitia mengi. Moto wa mwaka 1069 uliunguza sehemu kubwa, majeshi ya Timur yakaleta uharibifu mwaka 1401, na moto mwingine ukaja mwaka 1893. Ule mto wenye miti ulifunikwa na lipu, ukasahauliwa, hadi ulipofunuliwa tena mwaka 1928 na 1929. Sehemu kubwa ya kinachong'aa leo ni ukarabati wa karne ya 20. Hata hivyo sanaa haikufa. Al-Hakam wa Pili aliipamba kwa kioo mihrabu ya Cordoba katika miaka ya 960, na hata kaburi la Sultan Baybars mjini Damascus, katika karne ya 13, lilivikwa nakshi inayoiga ile ya Al-Walid.

Nimalizie kwa habari moja ya At-Tabari. Amepokea kuwa zama za Al-Walid watu wakikutana waliulizana kuhusu majengo. Zama za Sulaiman waliulizana kuhusu ndoa na wajakazi. Zama za Umar bin Abdul-Aziz waliulizana umehifadhi nini katika Qur'ani, umesali nini usiku, umefunga siku ngapi. Watu hufuata anachokipenda kiongozi wao.

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kamati ya msikiti mmoja hapa mjini. Ajenda ilikuwa kubadilisha vigae vya ukuta wa kibla, ambavyo havikuwa na ubaya wowote, na kununua taa kubwa ya kuning'inia. Mchango ulipatikana usiku ule ule. Ajenda ya mwisho ilikuwa posho ya ustadhi wa madrasa, ambayo haikulipwa kwa miezi mitano. Iliahirishwa kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Nilikumbuka kuwa Al-Walid, pamoja na makosa yake yote, hakumwacha kipofu bila kiongozi wa njia wakati dhahabu inapanda ukutani.

Sisemi tusipambe misikiti yetu. Sayyidna Umar (r.a.) alipoupanua msikiti wa Mtume aliusia watu wasitiriwe na mvua, na akaonya dhidi ya rangi zitakazowashughulisha wanaosali. Sayyidna Uthman (r.a.) alijenga kwa mawe yaliyochongwa na mbao za msaji, na hakuna aliyemtoa katika dini. Kati ya wawili hao ipo nafasi ya kutosha. Ninachosema ni kwamba kamati ikikaa, ianze na ajenda ya mwisho. Ustadhi alipwe, kisha tuangalie vigae.

Wallahu a'alam.